Wekundu Uliotambaa

Asubuhi moja fundi cherehani alivaa blauzi yake, upande wa kushoto ukakataa kufunga. Blauzi aliishona mwenyewe kwa vipimo vyake. Titi ndilo lililokuwa limekua. Lilikuwa zito na la moto, na juu yake palikuwa na wekundu wenye umbo la kiganja.

Alimwonyesha wifi yake, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja. Wifi alirudi nyuma hadi ukutani. Mama yake, mkwe wa fundi, alifia chumba kile kile alicholala fundi, akijifunika shuka kifuani, hataki mtu amguse.

"Huo ni mkono wa mama," alinong'ona.

Tangu hapo hakuingia tena. Chakula alikiacha mlangoni.

Zahanati walisema ni uambukizo, wakampa fundi vidonge. Alivimaliza vyote. Wekundu ukazidi kutambaa. Ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Nyumbani watu walizungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba ndani kuna maiti.

Jirani yao muuguzi alipofuata gauni lake, alimwona fundi akikata kitambaa huku anakunja uso. Akaomba kutazama.

"Lakini sina uvimbe," fundi alisema. "Nimepapasa sana."

"Kuna saratani ya titi isiyo na uvimbe, dada. Hukaa kwenye ngozi, na huenda mbio. Vidonge vimeshindwa, basi tusingoje. Twende hospitali."

Huko alipigwa picha, akatolewa kipande cha ngozi na nyama kidogo kwa sindano. Ilikuwa saratani. Daktari alieleza kwamba kipande kile kilipimwa pia kujua ni ya aina gani, maana kila aina ina dawa zake. Fundi alianza na dawa za mshipani ili kuipunguza, kisha titi likaondolewa, mwisho akapigwa mionzi. Nywele zilinyonyoka, chakula kikamkinaisha. Lakini vipimo vilivyofuata vilikuwa safi, akarudi kwenye cherehani yake, huku akiendelea kuhudhuria kliniki.

Siku moja alimuuliza muuguzi kuhusu mama mkwe.

"Huenda aliumwa hivi hivi," muuguzi alisema. "Sasa hatutajua. Hakuna aliyemtazama."

Wifi alikuwa koridoni, akasikia. Muuguzi alipoondoka, akaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akafunga mlango na kuanza kufungua vifungo vyake.

"Wifi," alisema, "nitazame na mimi."

Kesho yake fundi aliacha kushona mapema, wakaenda hospitali pamoja.