Kabla ya Amina

Ijumaa jioni, katikati ya msongamano wa stesheni ya New Street, mguu wa stendi ya kamera ulinasa mkoba wa Nyokabi. Mpaka wanasuane, treni ilikuwa imeondoka. Nyokabi, mtunza wazee, sare ya buluu ikichungulia chini ya koti jekundu, alijiandaa kufoka.

"Hiyo ni bunduki?"

"Ni ya kupigia picha aurora, zile taa za mbinguni kule kaskazini," alisema Mugambi, mwenye stendi. "Pole, mrembo. Chai iko juu yangu."

Miezi minne baadaye Nyokabi akampeleka mtaa wa Lozells, akajulishwe kwa shangazi yake, Angeline. Shangazi alikuwa anaombea chakula simu ya Mugambi ilipolia kumwambia kwamba aurora imetokea. Kufika amina, kiti chake kilikuwa kitupu.

Nyokabi aliona aibu hadi visigino. Wiki mbili hakushika simu za Mugambi, lakini alizikodolea macho zikilia, akimchukia na kumtamani kwa pumzi moja. Siku ya kumi na tano akashika.

"Babe, nisamehe."

"Nipeleke nimwone huyo mke mwenza."

Waliendesha gari kwa saa nne hadi vilima vya Northumberland. Baridi ilikuwa inang'ata, na alichoona Nyokabi angani ni ukungu wa kijivu tu.

"Hii ndiyo ilikutoa kwa Auntie?"

"Macho hayashiki rangi yake, kamera inashika kwa kukusanya mwanga polepole. Simama pale sekunde kumi na tano, sweetie. Usitingishike."

Kutulia hakukuwa tabia ya Nyokabi; alitingishika. Kwenye kioo cha kamera anga ilikuwa kijani na zambarau, naye alikuwa kivuli tu, kilima kikionekana ndani ya koti lake.

"Umetoka kama mzimu," Mugambi alicheka.

"Hivyo ndivyo ulivyo kwangu. Uko, na hupo. Nimechoka kushindana na mbingu, Mugambi."

Mugambi akazima kamera, ingawa sasa mwanga ulionekana hata kwa macho.

"Nitaacha."

"Sijasema uache. Ukitoka, aga. Na uniulize kama nakuja."

Mugambi akamgeukia. "Nataka kwenda kwa Auntie kukuomba rasmi. Unakuja?"

"Nani atakuamini na safari hiyo peke yako?" Nyokabi alikuwa analia na kucheka. Akampokonya funguo, akawasha gari yeye mwenyewe.