Zamu ya Ngazi

Zamu ya Tomke ya kuosha ngazi ilipofika, nyumba nzima ilijua. Nyumba yetu hapa mtaani Altona ina ghorofa nne na haina lifti, na kila familia ina wiki yake ya kufagia na kupiga deki kutoka juu mpaka mlango wa barabarani. Mama yake, Bi Gesche, anauguza wazee hata Jumamosi, kwa hiyo ndoo na tambara viliachiwa msichana huyo wa miaka kumi na miwili. Alishuka navyo kutoka ghorofa ya nne akinung'unika, nami pale chini, katika karakana yangu ya baiskeli, nilimsikia muda mrefu kabla sijamwona.

"Mjomba Fiete, usinipitishie hilo tairi lako chafu hapa."

"Sasa nipitie wapi, dirishani?"

"Ukiweza, kwa nini usipitie?"

Jumamosi moja ya mwezi Machi, Tomke akiwa amefika ghorofa ya pili, mwenye nyumba aliingia akiwa na mama yake. Bwana Rademacher hakumsalimu mtu. Alikanyaga maji ya Tomke, akapanda mpaka juu, akapiga picha za mlango na dirisha la ngazini. Mama yake, kikongwe mwenye fimbo, alijitahidi kumfuata, lakini alipofika ghorofa ya pili magoti yalimshinda, akaketi pale pale kwenye ngazi iliyolowa. Tomke aliteremka mbio kwangu kuomba glasi ya maji. Akampelekea, wakazungumza kidogo, kisha mwana akashuka akamshika mama yake mkono na wakaondoka. Alama za viatu vya bwana huyo zilibaki kwenye ngazi, na Tomke akaanza deki upya huku akimtaja kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wiki chache baadaye notisi zikaja. Ya Bi Gesche ilisema mwenye nyumba anaitaka nyumba ya ghorofa ya nne ili mama yake mzazi ahamie humo, na kwamba mama huyo amekwisha kuikagua na ameipenda. Ya kwangu ilikuwa fupi zaidi: niondoke karakanani kabla Septemba haijaisha. Hakutoa sababu yoyote. Nilifanya kazi mle tangu nina nywele nyeusi, na mtu huyo hakuona haja hata ya kunidanganya.

Bi Gesche aliisoma notisi yake akiwa amesimama katikati ya karakana yangu, bado amevaa sare ya kazini.

"Tukitoka hapa tunakwenda wapi?" aliuliza. "Mji huu nyumba za watu kama sisi ziko wapi? Tomke ataacha shule, nami nitasafiri nusu ya siku kufika kazini."

"Ameikagua lini?" Tomke aliuliza. Uso ulikuwa umemwiva. "Mama, yule bibi hakufika juu. Mimi nilikuwepo. Mwongo mkubwa yule. Akija tena nammwagia ndoo nzima."

"Hummwagii mtu kitu," mama yake alimwambia. "Ukimmwagia tu, atakuwa na sababu ya kweli ya kututoa."

Chama cha wapangaji kilitupeleka kwa Wakili Nurten Aksoy, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alianza na mimi, na hakunizungusha.

"Mzee Fiete, nyumba ya kuishi inalindwa na sheria. Mwenye nyumba hawezi kukutoa bila sababu ya kweli. Chumba cha biashara ni habari nyingine. Mkataba wako hauna kikomo, kwa hiyo anaweza kuuvunja bila hata kujieleza, mradi akupe muda. Na muda amekupa. Ningekuambia tupigane, ningekuwa nakula pesa yako bure."

"Basi hiyo sheria imeandikwa na wenye maduka ya kupangisha," nilisema.

"Pengine. Lakini ndiyo tuliyo nayo."

Nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilitamani kupiga meza teke. Akamgeukia Tomke, akamwambia aeleze kila kitu cha Jumamosi ile. Tomke akaeleza vizuri, mpaka alipofika kwenye mazungumzo yake na kikongwe.

"Akasema hataki kuhamia pale. Akasema mwanawe anamtumia tu ili apate kuiuza nyumba ikiwa tupu."

Wakili akaweka kalamu chini. "Alisema hivyo? Kwa maneno hayo?"

Tomke akaanza kukwaruza rangi ya kiti kwa kucha.

"Tomke."

"Hakusema," alijibu hatimaye. "Lakini ndiyo kweli. Kila mtu anajua ndiyo kweli."

"Mimi pia nahisi hivyo. Sikiliza, mwanangu. Yule bibi akiulizwa kama alisema maneno hayo, atakana, na atakuwa na haki ya kukana. Hakimu atakuona mwongo. Ukisema tena kwamba aliishia ghorofa ya pili, nani atakuamini? Una kitu kimoja kizuri mkononi, na unataka kukichafua mwenyewe."

"Yeye anadanganya na mimi nisidanganye?"

"Ndiyo. Inaudhi, sivyo?"

"Inaudhi sana," alisema Tomke, na machozi ya hasira yakamtoka.

Bi Gesche hakuhama, Rademacher akamshtaki, na siku ya kesi ikafika. Mwenye nyumba alimleta mama yake, akamkalisha kwenye benchi la mbele la wasikilizaji, pale ambapo hakimu angeiona fimbo yake vizuri. Mimi niliketi nyuma yao nikikitazama kisogo cha bwana huyo kilichonyolewa vizuri, na Mungu anajua nilichokuwa nikikiwaza.

Tomke alipoitwa, hakimu alimwambia aseme anachokijua tu, na asichokijua aseme hakijui. Akaeleza ndoo, deki, na bibi kuketi ngazini. Kisha wakili wa Rademacher akasimama, akitabasamu.

"Je, bibi alikuambia kwamba hataki kuhamia nyumba hiyo?"

Tomke akamtazama mama yake. Neno "ndiyo" lilikuwa limemjaa mdomoni, na kusema kweli nilitaka alitoe.

"Hapana," alisema. "Hakuniambia."

"Alikuambia kwamba mwanawe anadanganya?"

"Hapana."

"Basi hakuwa na lalamiko lolote juu ya nyumba."

"Angeilalamikiaje na hakuiona? Aliishia ghorofa ya pili. Aliniuliza nani anakaa huko juu, nikamwambia ni sisi. Akasema tuna bahati, juu kuna mwanga. Akanishukuru kwa maji. Basi, hayo ndiyo tuliyozungumza."

"Mtoto amefundishwa huyu," Rademacher alisema kwa sauti.

Fimbo ikagonga sakafu. Kikongwe alikuwa anasimama, polepole, akijishikilia kwenye benchi.

"Detlef, nyamaza," alimwambia mwanawe.

Hakimu akamwambia kwamba yeye, akiwa mama wa mwenye kesi, halazimiki kusema chochote.

"Najua mimi ni mama yake, nilimzaa mwenyewe," kikongwe alijibu. "Nitasema. Nimekaa hapa nikimsubiri mtoto huyu anisingizie. Angenisingizia neno moja tu, ningenyamaza, ningesema moyoni, wote ni wale wale. Hakunisingizia. Yote aliyoyasema ndiyo yaliyokuwa." Akamgeukia mwanawe. "Umenihamisha kwenye karatasi bila kuniuliza. Nina nyumba yangu, iko chini, ina bustani. Ngazi zile sizipandi hata mkinibeba. Uliniambia leo nije nikae tu nionekane mzee. Haya, nimeonekana."

Rademacher alitazama meza. Wakili wake alianza kukusanya karatasi zake kabla hakimu hajamaliza kuandika. Madai yalitupiliwa mbali, na Bi Gesche akabaki kwenye nyumba yake.

Nje, Tomke alimshika Wakili Aksoy mkono wa koti.

"Nilitaka kusema uongo. Kidogo tu ningeusema."

"Nilikuona."

"Na bado nina hasira."

"Kaa nayo," wakili alimwambia. "Mimi yangu ninayo miaka ishirini sasa, ndiyo inayoniamsha asubuhi niende kazini. Hasira si kosa, Tomke. Kosa ni kuiachia ikuongezee chumvi kwenye maneno. Umesema ulichokiona, hata pale kilipokuumiza, na ndiyo maana mtu aliyekuja kumsaidia mpinzani wako ameweza kusimama upande wako. Likumbuke hilo utakapokuwa mkubwa."

Mimi nilihama Septemba, kama nilivyoambiwa. Nilipata kibanda mitaa miwili kutoka pale, kidogo na chenye baridi, na msidhani kwamba nimesamehe. Siku niliyokuwa nikitoa vyombo vya mwisho, Rademacher alikuja kunihimiza, kisha akataka kupanda juu kukagua paa. Akafungua mlango wa ngazi. Tomke alikuwa ghorofa ya kwanza na ndoo yake.

"Bwana Rademacher," alisema bila kuinua kichwa, "nimepiga deki. Subiri pakauke."

Rademacher alinitazama mimi, akaitazama ngazi iliyokuwa iking'aa kwa maji, akavitazama viatu vyake. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akasubiri mlangoni mpaka pakakauka.