Bango la Watu wa Nyumba Moja

Asubuhi bustani ya michezo ilipofunguliwa tena baada ya ugonjwa kulegea, meneja alikuwa ameandaa hotuba ya kuwafariji wafanyakazi wake kwa kukosa wateja. Hakuisoma. Kabla hajakohoa kusafisha koo, magari yalikuwa yamejipanga kutoka getini mpaka kwenye kituo cha mafuta, na ndani ya kila gari kulikuwa na familia iliyofungiwa nyumbani hadi watoto wakavipa majina vigae vya chooni. Hawa ndio wale ambao msimu wa likizo ukifika walikuwa wanapanda ndege kwenda kuota jua kwenye fukwe za mbali. Bustani hii walikuwa wakiipita kama mtu anavyompita shemeji asiyemtaka. Sasa anga limefungwa, wamegundua ghafla kwamba nusu saa tu kutoka mlangoni kwao kuna gurudumu kubwa linalopandisha watu juu na kuwarudisha wakiwa wazima.

Tena walichagua kwa namna iliyomwacha kila mtu mdomo wazi. Jumba la mizimu, ambalo zamani foleni yake ilijikunja kama chatu aliyeshiba, lilibaki tupu, mpaka mzimu mwenyewe, mzee mmoja mwenye shuka jeupe, akatoka nje kuuliza kulikoni. Akaambiwa watu siku hizi wanaogopa pumzi za wenzao kuliko mizimu. Walitaka mahali pa wazi penye upepo, basi wote wakamwagikia kwenye gurudumu.

Mwendesha gurudumu alikuwa mtu mrefu, ovaroli yake ya bluu imepauka magotini, barakoa nyeusi, mikono imekolea grisi. Kila mtu alimwita Fundi, na huenda hata mama yake alikuwa amelisahau lile jina lingine. Sheria aliyopewa ilikuwa moja: kijumba kimoja cha gurudumu, watu wa nyumba moja. Asiye na wenzake hapandi, maana kijumba cha watu sita hakiwezi kuzungushwa kwa ajili ya mtu mmoja na mkoba wake.

Ndipo akasimama mbele yake mwanamke mmoja, gauni la pamba la njano, viatu vyekundu vya kisigino, skafu ya hariri shingoni imefungwa fundo dogo la upande, fundo la watu wanaofunga skafu kwa amri. Barakoa yake ilikuwa ya kitambaa chenye maua.

"Uko na nani, dada?"

"Niko na mimi."

"Wewe na wewe hamjazi kijumba."

"Kaka yangu, mimi ni mhudumu wa ndege. Ndege yetu imeegeshwa, injini imevishwa turubai, na shorewanda wamejenga viota humo, wana watoto na wajukuu. Nimesahau juu panafananaje. Usiponipandisha kwa hilo gurudumu lako, nitapanda ile nguzo ya taa."

Fundi akaitazama nguzo ya taa, akavitazama vile visigino, akaamini kabisa. Hapo hapo meneja akatokea nyuma yake, akitaka kujua huyu anayezuia foleni ni wa nani.

"Ni wa nyumbani kwangu," Fundi akasema.

Neno lilimtoka kama chura anavyoruka kutoka mfukoni. Mwanamke akageuka kumtazama, macho yamemtoka. Meneja naye akabaki ameduwaa, kwa sababu huyu Fundi amemjua miaka yote kama kapera anayekula mkate akiwa amesimama. Akauliza tangu lini. Fundi akasema tangu kufungiwa. Na kwa kuwa mwaka ule mambo mengi yasiyoaminika yalikuwa yametokea, hili nalo likaaminika. Meneja akafurahi, akamwambia mwenzake wa zamu ashike breki, bwana apande na mkewe.

Walipanda, kila mmoja amejibana kwenye pembe yake. Walipofika juu kabisa, mji wote umelala chini yao na barabara zake tupu, mwanamke akanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya kazini, "Mabibi na mabwana, tumefika kwenye kimo chetu cha leo. Mnaweza kufungua mikanda na kueleza kwa nini mnadanganya."

Fundi alicheka mpaka kijumba kikayumba. Akamwambia hakudanganya kwa ubaya, aliogopea ile nguzo. Naye akacheka, wakasogeleana kidogo ili kuonyeshana majengo, na huko chini meneja akawapiga picha kwa kamera yenye mdomo mrefu. Hakuna aliyemwona.

Baada ya hapo simu hazikulala. Akipiga mwanamke, huanza kwa kuuliza habari za ardhini. Fundi humjibu kuwa ardhi ipo, lakini haina ladha tangu Bi Mawingu aondoke getini. Alimwita Bi Mawingu, naye akaitwa rubani wa papo hapo, kwa kuwa anarusha watu siku nzima na jioni bado yuko alikoanzia. Kila alipopata nafasi mhudumu alirudi bustanini, akaingia kama mtu wa nyumbani kwa Fundi, wakazunguka. Mama yake, mjane aliyekuwa anashona barakoa za mtaa mzima kwa cherehani ya kanyagio, aliambiwa binti anakwenda kunyoosha miguu.

Sasa meneja. Huyu alikuwa amekwisha kuelewa kwamba wageni wa kutoka mbali hawaji tena, mabasi ya utalii yameota majani, riziki yake sasa iko kwa baba, mama na watoto wa hapa hapa. Akachapisha bango. Halikuwa bango la kubandika kwenye nguzo: lilifunika ubavu wa jengo zima, kutoka paani mpaka karibu na maduka ya chini. Juu yake, vichwa vimegusana ndani ya kijumba, alikuwepo Fundi na barakoa yake nyeusi, na Bi Mawingu na barakoa yake ya maua, na maneno haya: SISI NI WATU WA NYUMBA MOJA. LETE MKEO, LETE WANAO.

Ya Mungu mengi. Katika majengo yote ya mji ule, meneja alichagua lile lililotazamana na dirisha la yule mama mshonaji.

Mama alifungua pazia asubuhi na kukutana na jicho la binti yake, kubwa kama mlango. Kwanza alidhani ugonjwa umempata na joto limempanda kichwani. Kisha akaiona barakoa. Mtu mwingine angesema ni mwanamke yeyote tu, nusu ya uso imefunikwa, lakini mshonaji hapotezi mshono wake. Maua yale aliyakata yeye, na ule mkunjo wa pembeni hakuna aliyeukunja hivyo mtaani ila yeye. Akapiga simu.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Niko matembezini, mama."

"Matembezini wapi? Mbona nakuona hapa?"

Mama akamweleza, polepole, kwamba yeye alizaa mtoto mmoja wa saizi ya kawaida, na leo ameamka anaye mwingine wa ghorofa nzima, ana mume, na shangazi mtu amekwisha kupiga simu kuuliza kwa nini hakualikwa. Majirani wawili wamempongeza ngazini. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha binti.

"Nilikuwa nasubiri siku ya kumsikia mkwe akigonga mlango wangu," akamalizia. "Si siku ya kumwona akining'inia ukutani."

Bi Mawingu alimpigia Fundi hapo hapo. Fundi alikuwa hajui lolote kuhusu bango, akaapa, na mshtuko wa sauti yake ulikuwa wa kweli. Ila mwanamke alitaka kitu kimoja tu: aende kwa meneja, aseme kuwa wao si wa nyumba moja na hawajawahi kuwa, bango lishuke.

Fundi akawa kimya. Aliona moja kwa moja neno hilo litampeleka wapi. Kukiri ni kukiri kwamba alipandisha watu wa nyumba mbili kwenye kijumba kimoja, tena mara nyingi, wakati wakaguzi wa afya wanazunguka na kufunga biashara za watu. Kazi ingekwenda. Na katika mwaka ule, fundi wa magurudumu makubwa akiachishwa kazi angekwenda kuzungusha nini?

"Nimekusikia," Bi Mawingu akasema, ingawa hakuwa ameambiwa kitu, akakata.

Fundi alipompigia, simu haikupatikana. Akapiga tena na tena. Jioni moja ikaja sauti ya ujumbe, akaufungua haraka: shirika la ndege limemwita Bi Mawingu kazini, ataruka mwisho wa wiki, na kwaheri. Fundi alisoma ujumbe ule amesimama chini ya gurudumu, akasoma tena, kisha akasimamisha gurudumu lote, watu wakiwa juu wakipunga mikono wakidhani ni burudani. Akawashusha kijumba baada ya kijumba, kwa adabu zote, akafunga breki, akaenda ofisini.

Meneja alisikiliza. Rangi ilimtoka, akakaa, akasimama, akakaa tena pasipokuwa na kiti. Akiwa pale pale sakafuni akapata wazo, uso ukang'aa. Akasema jambo hili ni dogo sana: Fundi amwoe yule dada kabla wakaguzi hawajafika. Uongo utakuwa umekwisha, bango litakuwa la kweli, yeye atachangia keki.

Ilikuwa njia rahisi mno, na Fundi aliitazama kwa muda. Kazi, mke na amani, vyote kwa mkupuo mmoja.

"Nikimwoa ili kuokoa bango," akasema, "hata tukizeeka hatajua nilimtaka yeye au nililitaka gurudumu."

"Basi huna kazi."

"Najua."

"Na utalishusha wewe mwenyewe. Aliyelitia neno mdomoni alitoe."

Kwa hiyo kesho yake watu wa mtaa ule walimwona mtu amefungwa kamba, anashuka kutoka paani huku anafungua vifundo vya bango kimoja kimoja. Mama mshonaji alikuwa kwenye cherehani. Alipoona kivuli kinapita akasimama, akafungua dirisha. Kati yao palikuwa na kichochoro chembamba, upana wa kamba ya kuanika nguo.

"Wewe ndiye mkwe wangu?" akauliza.

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini kwenye jicho la mwanangu?"

"Nalishusha, mama. Mimi si mume wa mtu. Nilisema uongo, na binti yako hana kosa."

Kabla mama hajajibu, upepo uliingia kichochoroni, ukalibeba bango lote lililolegea na kumviringisha nalo Fundi kama mwiko kwenye ugali. Majirani wakatoka madirishani. Kilichoonekana ni uso mkubwa wa Bi Mawingu unaopigapiga ukutani na viatu viwili vya buti vikitokeza kidevuni. Mama akashika kichwa. Nyuma yake binti alikuwa amesimama katika sare, sanduku la magurudumu mkononi. Alikuwa hajui kwamba kazi ya Fundi imekwenda. Hapo ndipo alipojua, kwa kuwa Fundi, akiwa bado ndani ya bango, alikuwa anamweleza mama yake yote kwa sauti ya juu, akidhani dirishani yuko mama peke yake: kwamba alikaa kimya siku ile kwa woga wa kukosa mkate, na kwamba ule woga ameujutia kuliko uongo wenyewe.

"Ukifika chini," mama akasema, "panda ngazi. Mlango tunao."

Fundi alipanda. Mama alimsimamisha ngazi tatu chini ya kizingiti, umbali wa afya, akajaza mlango kwa mwili wake wote. Binti alikuwa begani kwake.

"Nimekuja na mambo mawili," Fundi akasema. "La kwanza, mama, binti yako hajaolewa na mimi. La pili, nataka kumwoa."

"Umepanda ngazi zote hizi kukanusha na kuthibitisha?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi naruka leo," Bi Mawingu akasema. "Ndege zenyewe ni chache, abiria wa kuhesabu, na ratiba wanaibadilisha wanavyotaka. Sijui nitakuwa wapi mara nyingi."

"Mimi sina kazi. Nitakuwa hapa mara zote."

Bi Mawingu alitaka kucheka, akajizuia. Mama alikuwa anamwangalia mmoja, kisha mwingine, na polepole uso wake ulianza kubadilika kama wa mtu anayesikia maji yanachuruzika na hajui bomba liko wapi.

"Nyie," akauliza, "mmeshawahi kuonana midomo?"

Wakatazamana. Walikutana na barakoa, wakazunguka na barakoa, walicheka na kununiana na barakoa. Zile simu zilikuwa za sauti tupu.

"Hapana," Bi Mawingu akasema kwa mshangao.

"Hapana, mama," Fundi akasema.

Mama akakaa juu ya sanduku la bintiye. Akasema ameona mengi katika maisha yake, ameona watu wakioana bila kupendana na wakipendana bila kuoana, ila watu wa kupendana paji la uso hajawahi. Akaamuru barakoa zishuke, mmoja mmoja, kila mtu abaki pale alipo.

Fundi akashusha yake. Sharubu zilikuwa zimekatwa na mwenyewe wakati vinyozi wamefungiwa, upande mmoja umekwenda kushoto na mwingine umekataa kwenda. Chini yake kulikuwa na mdomo mpana, wa mtu mpole. Bi Mawingu alishika ukuta kwa kucheka, akacheka hadi machozi, na alipoacha kucheka hakuacha kumtazama.

Kisha akapeleka mkono nyuma ya sikio, akafungua kamba ya barakoa ya maua.

Fundi, aliyekuwa amening'inia juu ya kichochoro bila kutetemeka, akatafuta mahali pa kushika.

"Haya," mama akasema, "rudia lile la pili. Sasa unamwona."

Fundi akafungua mdomo, sauti ikagoma. Akajaribu tena.

"Nakubali," Bi Mawingu akasema, kabla hajaulizwa.