Kuku Aliyepakatwa Mara Sita

Akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, binti mmoja wa darasa la sita alikuwa akichota maji, akiosha vyombo vya asubuhi, kisha akiinjika maharage. Mama yake, dobi wa hospitali, alirudi jioni vidole vimekunjamana kwa sabuni, akala huku anasinzia. Maharage yakishachemka, ilifika zamu ya kuku.

Kuku walikuwa sita, wote wa bibi. Macho ya bibi yalikuwa yameingia kiza, na kazi zote zilikuwa zimemtoka mikononi isipokuwa moja. Kila jioni aliketi kwenye kigoda kando ya banda, mjukuu akampa kuku mmoja mmoja, naye akawapapasa kutoka shingoni hadi mkiani. Alitania kwamba hilo ndilo gazeti lake.

Kazi ya binti ilikuwa kuwafungulia kuku waparue uani na kuwatundikia fungu la majani. Lakini kuwafukuza tena hadi bandani kulimchosha, na miguu ilishachoka tangu asubuhi. Siku moja akaacha. Kesho yake akaacha tena. Wiki tatu zikapita, kuku wakishinda wamebanana ndani.

Ndipo, kati ya jioni moja na ya pili, manyoya yakapungua ghafla. Yalitoka mkiani, kisha mgongoni, hadi ngozi ikaonekana nyekundu, yenye vidonda. Binti akaogopa. Mama alishasema, kwa uchovu wala si kwa hasira, kwamba kuku wakizidi kuwa mzigo atampelekea mama mdogo. Bibi je, angebaki na nini mikononi?

Jioni ile alimpa bibi kuku wa pekee aliyebaki na manyoya yote, wa kahawia waliyemwita Bibiharusi. Bibi alipomrudisha, binti alizunguka nyuma ya banda, akasubiri kidogo, akamleta yuleyule. Akafanya hivyo hadi zikatimia mara sita, na siku mbili zilizofuata vilevile. Ilimchosha kuliko kuwafungulia.

Siku ya nne bibi hakumrudisha kuku wa kwanza. Alimshikilia mapajani, akanyoosha mkono mwingine.

"Haya, mke mwenzangu, nipe wa pili."

Binti akanyoosha mikono amchukue yule wa kwanza.

"Huyu ana ukucha uliovunjika," bibi alisema taratibu. "Jana nimeukuta mara sita. Naona hata yeye amechoka kupakatwa."

Binti akalia, akaeleza yote. Bibi hakumkatiza. Akaomba wale wengine, akamwambia mjukuu atazame chini ya mabawa kama kuna wadudu. Hakukuwa na hata mmoja. Vidole vya bibi viligusa vishina vya manyoya yaliyokatika.

"Hawa hawaumwi, wananyonyolewa; kuku wakibanana ndani hudonoana. Ni nani hajapoteza hata unyoya?"

Binti akamtazama Bibiharusi.

"Basi mwizi umekuwa ukimleta mapajani mwangu," bibi alisema, akicheka kidogo. "Ungenipa hata mmoja aliyenyonyoka, tungemjua siku ya kwanza."

Mama aliporudi, binti alimweleza mwenyewe. Mama aliketi juu ya ndoo, viatu bado miguuni, akasikiliza hadi mwisho. Hakumtaja mama mdogo. Aliuliza tu dawa ya vidonda ilipo, ile ya zambarau, kwa sababu kuku akiona wekundu hudonoa zaidi.

Bibiharusi akatengwa kwenye tenga kwa siku kadhaa. Wengine wakapewa majani na masalia ya samaki. Kila mchana bibi alipapasa ukuta hadi bandani akawafungulia mwenyewe. Kuwafukuza hakukuhitajika, giza likikaribia, waliingia wenyewe. Alilijua hilo miaka yote. Hakuna aliyemuuliza.

"Kuchoka si kosa, mjukuu wangu," bibi alisema jioni moja. "Mama yako amechoka, nami nimechoka. Ungeniambia, ningekufungulia mlango siku ileile. Ulipoficha, uliteseka peke yako, na hawa wakaumia bila kosa."

Binti akaitikia, akampa kuku wa pili. Bibi akampapasa mgongoni, mahali palipokuwa patupu, mkono ukasita. Manyoya mapya yalikuwa yamechomoza, magumu kama brashi ya kufulia.

"Anachoma," bibi alisema, na hakutaka kumrudisha upesi.