Miguu Yangu Haiumwi

Duka la viatu lilikuwa limefurika. Bei zilikuwa zimeshushwa, na hata waliokuwa wakipita njia na safari zao walijikuta ndani wakigombea namba. Katikati ya vurugu hiyo, juu ya kistuli, aliketi msichana mwenye gauni la njano, amekunja uso. Shangazi yake aliyemlea alimpa jina la Mkaidi tangu utotoni, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye cheti.

"Kinabana," alimwambia muuzaji, akikitazama kiatu cheusi chenye kisigino kama msumari.

"Kitalegea, dada. Siku mbili tatu tu."

"Kaka yangu, mimi sinunui maumivu nikangoja yalegee. Nipe vyangu niende."

Vyake havikuwepo. Makubazi yake ya kahawia, aliyoyavua pembeni ya kistuli, yalikuwa yameondoka na miguu ya mtu mwingine. Muuzaji aliinama, akachungulia chini ya rafu, akainuka na kuunyoosha tena mkono wenye kile kiatu cheusi.

"Basi hapa hakuna ujanja, dada. Hivi ni lazima uchukue."

"Lazima?"

Yeye na neno hilo hawakuwahi kupatana. Mkaidi alitundika mkoba begani, akatoka pekupeku, kifua mbele, na watu wakampisha kana kwamba anapita bibi harusi.

Hatua chache nje ya mlango alisikia mtu akimkimbilia.

"Dada, samahani! Lami ina moto hiyo."

"Najua. Ndiyo ninayoikanyaga."

"Pita huku kwenye kivuli basi."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, suruali ya kijivu imenyooka, shati jeupe, na tai ya zambarau iliyofungwa vizuri mno kwa mtu aliyetoka kusukumana dukani.

"Wewe ni polisi wa miguu?"

"Mimi ni shahidi. Nilimwona mama aliyeondoka na makubazi yako. Nadhani alifikiri ni yake."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Mkaidi alitaka kukasirika, ila kicheko kilimtangulia. Wakafuatana kivulini, yeye na vumbi lake, kijana na viatu vyake vinavyong'aa, wakiulizana haya na yale hadi wakafika kwenye habari za kazi.

"Mimi nachora ramani za nyumba," alisema Mkaidi. "Jengo lile la vioo vya kijani, ghorofa ya tano."

Kijana alisimama ghafla. "Usinitanie. Jumatatu naanza kazi hapo. Afisa utumishi."

"Wewe ndiye utakayetufundisha adabu?"

"Ndiyo kazi waliyonipa."

"Basi pole," Mkaidi akasema. "Utanikuta."

Na kweli alimkuta. Jumatatu asubuhi, akizungushwa kutambulishwa kwa wafanyakazi, alimwona Mkaidi ameinamia meza yake, penseli imechomekwa kwenye nywele, viatu vimewekwa kando vikitazama ukuta, na nyayo zake mbili zimetulia juu ya sakafu baridi. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Akili yake haikushuka kwenye karatasi mpaka miguu iguse chini. Miguu yenyewe ilikuwa misafi, kucha zimekatwa, na mhasibu wa meza ya jirani, mwanamke asiyeficha neno, alikwisha shuhudia kwamba haina harufu yoyote.

Wenzake walimwita kijana Tai kwa sababu ya ile tai ya shingoni, maana shingo yake hakuna aliyewahi kuiona wazi. Mkaidi naye akamwita hivyo hivyo, ila kwenye simu jina lilirefuka.

"Taiii, umelala?"

"Ningelala vipi na hujaniaga?"

"Si nilikuaga mlangoni?"

"Kuaga kule ni kwa ajili ya watu. Niage mimi."

"Haya, kwaheri kipenzi. Vua hiyo tai kabla haijakunyonga."

"Nikiivua utaniona wa kawaida."

"Nishakuona wa kawaida zamani. Ndiyo maana nimekaa."

Mambo yakaenda hivyo, matamu, mpaka alipokuja mteja mmoja mzito. Alipita katikati ya meza akaiona miguu ya Mkaidi, akaingia kwa mkurugenzi na kusema amekuja kutafuta wasomi, si watu walio jikoni kwao. Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo aliyeijenga kampuni ile kwa jasho lake, na hakuna aliyewahi kumwona bila visigino. Akamwita Tai.

"Yule binti avae viatu, au atafute ofisi isiyo na wageni. Andika onyo leo."

Tai hakuandika.

Siku ya pili Mkaidi alishangaa kuona mambo yamegeuka. Mhasibu alimwekea mezani kikopo cha mafuta ya kuchua, akamshika bega, akaondoka bila neno, yeye ambaye maneno hayakumwisha. Dereva wa kampuni alikuja kusimama mbele yake, kofia mkononi, kama aliyefika msibani.

"Dada, bibi yangu alianza hivyo hivyo," alisema. "Ganzi kidogo, moto kidogo. Usidharau. Yeye walimkata hapa," akaonyesha chini ya goti.

"Walimkata kwa nini? Nani ana ganzi?"

Kabla hajajibiwa, mkurugenzi mwenyewe alitoka ofisini kwake. Sauti yake ilikuwa laini kwa namna ambayo Mkaidi hakuijua.

"Pole mwanangu. Mbona hukusema kama una ugonjwa wa miguu? Afisa utumishi ameniambia kila kitu. Wewe kaa bila viatu, hakuna atakayekusumbua."

Mkaidi alifungua kinywa. Watu wote walikuwa wakimtazama kwa huruma. Akajikuta amesema, "Asante, mama."

Alimkuta Tai kwenye ngazi.

"Ninaumwa nini mimi?"

"Punguza sauti, mpenzi."

"Nauliza nina ugonjwa gani, daktari! Maana dereva ameshanikata mguu huko juu."

"Sikiliza. Bosi alitaka nikuandikie onyo. Onyo likifuatiwa na jingine, kazi imekwisha. Kwa mtu mgonjwa hawezi kufanya hivyo. Nilitaka kukulinda."

"Umenilinda au umenificha?"

"Si umeruhusiwa? Si ndicho ulichotaka?"

"Nilitaka niachwe kwa sababu hakuna ubaya ninaoufanya! Ukiingia na viatu ndani kwa watu unaambiwa huna adabu. Ukivivua ofisini, huna adabu. Adabu gani hiyo yenye nyuso mbili? Ningesimama mbele ya yule mama nimwambie hivyo hivyo. Wewe umekwenda kumwambia mimi ni wa kuonewa huruma."

"Ungefukuzwa."

"Ningefukuzwa nikiwa mzima!"

Mlio wa sauti yake ulipanda ngazi na kushuka. Tai alijaribu kumshika mkono, akaukosa.

"Kama unaona aibu na mimi," alisema Mkaidi, taratibu sasa, "ungeniambia tu. Kuanzia leo nimekata mguu kwako. Waambie na huo nao unauma."

Tai alipiga simu jioni ile, na kesho yake, na keshokutwa. Mkaidi aliiacha ilie. Mara moja aliipokea kwa bahati mbaya akitafuta kuizima.

"Nisikilize hata dakika moja, laazizi."

"Mgonjwa amelala," alisema, akakata. Kisha akakaa kitandani akiitazama simu, akiomba ilie tena ili apate kuikataa. Haikulia.

Jumamosi shangazi yake alimtembelea. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mpaka leo aliingia chumbani kama anayekagua darasa. Alisikiliza kisa chote akiwa amekunja mikono.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema mwisho.

"Shangazi, wiki nzima watu wanalivunja guu langu kwa midomo. Na lenyewe hili hapa, zima."

Shangazi alicheka bila kupenda. "Huyo kijana amekosa. Mtu akikusemea uongo, hata wa mapenzi, amekuvua nguo mbele za watu. Lakini mwanangu, yule mama alipokupa pole, ulimjibu nini?"

Mkaidi alianza kunyoosha shuka la kitanda.

"Nakuuliza."

"Nilisema asante."

"Enhe. Kumbe uongo ulikuwa wa mmoja, sasa ni wa wawili. Unamnunia mwenzio na wewe umekalia mkeka huo huo. Ukaidi wa kweli, mama, haukai kwenye kivuli cha ugonjwa. Viatu vaa usivae, mimi sikupangii, ila usinitie aibu ya kuitwa mgonjwa ukaitika."

Maneno yale yalimkera kwa sababu hayakuwa na pa kuyashika. Jumatatu alivaa gauni jeupe na koti la buluu, akavaa viatu vyake vya ngozi, akapanda moja kwa moja ofisini kwa mkurugenzi. Mwezi uliotangulia ndio aliokuwa amekabidhiwa jengo lake la kwanza la kulisimamia mwenyewe, na alijua huenda akatoka mle ndani hana hata meza.

"Mama, nimekuja kusema kwamba siumwi."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini.

"Sijawahi kuumwa miguu. Navua viatu kwa sababu nafanya kazi vizuri nikivivua. Uliponipa pole nilipaswa kukwambia, nikaogopa macho ya watu. Hilo ndilo kosa langu. Kuvua viatu, mama, sidhani kama ni kosa."

"Mmepangana?"

"Na nani?"

"Wewe ni wa pili kuniambia hivyo asubuhi hii. Yule kijana alikuwa hapa kabla sijaketi. Alisema ugonjwa ameutunga yeye, wewe hukujua, na kwamba hajaona sababu ya kukuandikia onyo."

"Hatujasemezana wiki nzima," alisema Mkaidi, na sauti yake ilimgeuka kidogo.

Mkurugenzi aliinuka, akaenda dirishani, visigino vikigonga sakafu.

"Unajua kwa nini mimi sivui hivi? Nilipoanza kazi hii, wanaume waliingia hapa wakaniagiza chai. Walidhani mimi ni mtumishi. Nikasema watanisikia ninavyokuja kabla hawajaniona. Leo mteja ananiambia wafanyakazi wangu wako jikoni. Unaelewa aliponigusa?"

"Naelewa, mama. Lakini yule hakuniuliza nimechora nini. Angeniona nimevaa viatu vya dhahabu angesema nimekuja kuonyesha viatu. Wewe ulivaa ili wakuheshimu, na wewe uliamua mwenyewe. Mimi nami niache niamue."

"Una mdomo."

"Ninao, mama."

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kushindwa, na hakushindwa.

"Mezani kwako, kaa utakavyo. Ukiinuka, vaa. Chooni, kwenye ngazi, kwenye mkutano, mbele ya mteja, vaa. Na miguu iwe misafi kama ilivyo leo."

"Na iwe kwa wote, si kwangu peke yangu. Sitaki tena kuwa mtu wa kusamehewa."

"Kwa wote," alisema mkurugenzi, akipumua. "Nenda kabla sijabadili mawazo."

Mkaidi alifika mlangoni akageuka. "Na yeye?"

"Nimemwachisha kazi. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio."

"Alifanya kwa ajili yangu!"

"Afisa utumishi anayenidanganya mara moja kwa mapenzi, kesho atanidanganya kwa sababu nyingine. Wewe mwenyewe ulimsamehe?"

Mkaidi alimtazama yule mama machoni bila kupepesa. "Umekosea, mama," alisema. "Mtu aliyekuja mwenyewe kukiri, ndiye ungemshikilia." Akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake kwa sauti.

Alishuka ghorofa tano kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa inachelewa. Ukumbi wa chini ulijaa watu, wabeba vifurushi, wageni wanaoandikisha majina, mlinzi anayegombana na mtu kuhusu gari. Tai alikuwa karibu na mlango mkubwa wa vioo, koti mkononi, tai imefungwa sawasawa.

"Wewe!" Mkaidi aliita, na nusu ya ukumbi ikageuka.

"Nilidhani umekata mguu," alisema Tai.

"Usinichekeshe, nina hasira bado. Kwa nini hukuniambia unakwenda kukiri?"

"Hukupokea simu. Na sikutaka unisifu. Niliharibu, nikaenda kutengeneza."

"Nami nilikwenda kutengeneza sehemu yangu."

Tai alimtazama. Uso wake, uliokuwa mkavu tangu asubuhi, ulilainika. "Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Nimeshinda nusu."

"Mimi nimeshindwa yote, mpenzi. Sina kazi."

"Nimekuuliza habari za kazi? Nakuuliza jambo jingine. Siku ile kwenye ngazi nilisema unanionea aibu. Unanionea?"

Watu walipita katikati yao, mmoja akawakanyaga, akaomba radhi. Tai alingoja apite.

"Nilikuogopea. Tangu siku ulipotoka dukani nilijua hutainama kwa mtu, nikasema huyu dunia itamvunja. Nikawahi kuinama mimi kwa niaba yako. Sikukuuliza. Hilo ndilo linaloniuma."

"Usinisemee tena."

"Sikusemei tena."

"Ukilazimika kunisemea, sema ukweli, hata kama ni mchungu kama shubiri."

"Nimekubali."

"Basi Jumamosi uje kwa shangazi."

"Kuja kufanya nini?"

Mkaidi aliweka mikono kiunoni. "Mwanaume mzima anauliza akija kwa shangazi wa mtu anakuja kufanya nini! Kaka mlinzi, umemsikia?"

Mlinzi, ambaye aliacha ugomvi wake wa gari zamani, alisema amesikia, na kwamba kama ni yeye angekwisha kubali.

Tai alicheka mpaka akainama. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa. "Nitamwambia nini mama wa watu? Kwamba nimekuja kuchumbia na juzi nimeachishwa kazi kwa kudanganya?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Atanifukuza."

"Atakufukuza," alisema Mkaidi, akimshika mkono mbele ya ukumbi mzima, "na wewe hutaondoka."