Simu ya Husna Ilidhani ni Usiku

Saa sita mchana, soko la Baraka limejaa hata pa kuweka mguu hakuna, Husna alifika mbele ya meza ya Bukuru, fundi wa simu, akaitupa simu yake juu ya mbao. Alivaa kitenge cha manjano kilichomkaa sawasawa, na mdomo aliukaza.

"Fundi, we ni mwongo! Ulisema umetengeneza. Angalia, namba haziwake!"

Bukuru, mkimbizi kutoka Burundi, shati limepigwa pasi ingawa kola imechakaa, hakukasirika. "Mama, nikopeshe kidole." Alikishika, akakiweka juu ya tundu dogo kwenye paji la simu, dogo kama kichwa cha pini. Namba zote zikawaka.

"Ee! Uchawi gani?"

"Iko jicho hapo. Kukiwa jua inaona mwanga, haiwashe namba. Giza ikiingia, inawasha yenyewe."

"Basi iko na akili kupita bakubwa betu," Husna akacheka. "Bale bakubwa giza yetu habaione."

Alisema kweli. Tangu tukiwa vijana wakubwa wanatuahidi umeme, na mpaka leo tunachajia kwa sola ya jirani.

"Na kidole changu utakirudisha lini?"

"Bado napima."

Husna alikuwa mshonaji. Tangu siku ile, kila akienda kununua uzi, njia yake ilipita kwa Bukuru, hata kama uzi uliuzwa upande mwingine. Jioni ilikuwa simu, na Husna ndiye aliyeanza.

"Umekula, sheri, mupenzi wangu?"

"Nimekula sauti yako."

"Haishibishe hiyo! Pika bugali."

Kisha mkubwa wa soko akaleta karatasi: meza za wakimbizi ziondoke kabla ya Jumamosi. Sababu? Mkubwa hatoi sababu, anatoa karatasi. Siku hizo Husna alikuwa kijiji cha Lweba, akishona nguo za arusi ya dada yake. Bukuru akampigia.

"Bananifukuza. Jumamosi kuna lori ya Lulimba, nitaenda kuchimba dhahabu. Lakini ukisema nibaki, nabaki, tupambane nabo. Kesho saa kumi nitakuita kwa simu, unipe jibu."

Husna alikuwa na jibu palepale, lakini mashemeji walikuwa wamemzunguka, masikio wazi. Akakata simu. Akachukua kipande chekundu cha kitenge, akaishonea simu kifuko cha kubana, mvua isije kuiharibu kabla ya saa kumi. Aliacha wazi kioo na namba tu.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu asubuhi, sola haikutoa kitu. Saa nane simu ikazimika. Husna aliazima simu ya dada yake, lakini namba ya Bukuru ilikuwa ndani ya ile iliyokufa, na kichwani hakuwa nayo.

Bukuru alipiga mara saba. "Amezima," alijiambia. "Nani atataka mukimbizi asiye na hata meza?"

Jumamosi asubuhi Husna alishuka kwenye pikipiki pale Baraka, matope mpaka magotini. Bukuru alikuwa tayari ndani ya lori, juu ya magunia ya chumvi.

"Shuka!"

"Ulizima simu."

"Ilizimika yenyewe! Shuka, bantu banatuangalia."

"Baangalie."

Husna akamrushia simu. Bukuru aliitazama ile nguo nyekundu, akacheka mpaka machozi.

"Nani alishona hii?"

"Mi. Mubaya?"

"Muzuri sana. Lakini umefunga jicho. Simu ilifikiri ni usiku, ikawasha namba muchana wote, na betri yenyewe muzee."

Husna akashika mdomo. "Na we ukafikiri nimekukataa?"

"Nilifikiri."

"Shuka basi, nikupige vizuri. Jibu langu ni ubaki."

Lori liliondoka bila yeye.

Saa tatu meza ilikuwa palepale ilipokatazwa, na kando yake cherehani ya Husna. Mkubwa wa soko akafika, karatasi mkononi.

"Huyu mukimbizi nilisema atoke!"

Husna hakusimamisha mguu kwenye pedali. "Hii meza si ya mukimbizi, ni ya nyumba yangu. Na huyu ni bwana yangu."

Bukuru, ambaye hakuna aliyemwuliza, aliangusha bisibisi.

"Tangu lini?" mkubwa akauliza.

"Tangu sasa. Andika kwa karatasi yako."

Bamama wa ndagala, wale wauza dagaa, wakapiga vigelegele, wakasogeza mabeseni yao mpaka mkubwa akakosa pa kupita, ila kurudi alikotoka.

Bukuru aliinama, akaokota bisibisi. "Ulisema bwana?"

"Unakataa?"

"Hapana!"

"Basi tumika kazi. Bantu banakungoja."