Mapasa na Chuma cha Kuminya

Kila asubuhi, kabla king'ora cha karakana ya reli hakijalia, Brigitte alikuwa amekwisha kufika bombani. Zamani walikwenda wawili, yeye na ndugu yake Agnès, wakabeba ndoo kubwa moja iliyoning'inia kwenye fimbo katikati yao. Sasa alikwenda peke yake na ndoo ndogo, akarudi tena mara ya pili. Baada ya hapo alifagia uwanja, akamnawisha Chola, mdogo wao ambaye alikuwa bado anatambaa. Siku ya Jumamosi alifua salopeti ya baba yao, nguo ya kazi yenye mafuta ya gari moshi. Salopeti hiyo ikilowa ilikuwa nzito kama mbuzi aliyenyeshewa, lakini Brigitte aliikamua huku ameuma ncha ya ulimi, mpaka lisidondoke hata tone.

Brigitte na Agnès walikuwa pacha, au mapasa, kama wanavyosema watu wa kwao upande wa Kongolo. Kwa desturi, aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Kyungu, na aliyemfuata Kabange. Majina ya Brigitte na Agnès walipewa siku ya ubatizo. Baba yao, Léonard, alikuja katika mji wa Élisabethville kutafuta kazi, na desturi ya mapasa ilipanda gari moshi pamoja naye. Mapasa hupewa vitu sawasawa. Ukimnunulia mmoja kitambaa, mnunulie na mwenzake, cha rangi ileile. Ukimpiga mmoja kofi, mpige na mwenzake, hata kama alikuwa amelala. Brigitte alikuwa amekula makofi mengi ya makosa ya Agnès, na Agnès ya Brigitte, wala hakuna aliyelalamika.

Lakini ugonjwa haujui desturi. Wakati wa mvua kubwa homa ilimshika Agnès peke yake. Homa ilipoondoka, mkono wake wa kuume ulibaki unaning'inia kama mkono wa nguo iliyoanikwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa kupooza, ule uliowapata watoto wengine kadhaa mjini mwaka huo, akamlaza hospitalini.

Watoto wote wawili walikuwa wanajitayarisha kwa komunyo ya kwanza siku ya Pentekoste. Padri alisema Brigitte anaweza kutangulia, na Agnès atafuata mwaka unaokuja. Mama yao, ambaye kambi nzima ya wafanyakazi wa reli ilimwita Mama Mapasa, alitikisa kichwa.

"Padri anisamehe," alisema. "Mapasa habaingie mu kanisa moja-moja. Bataingia bote wawili, ao hakuna."

Basi magauni mawili meupe yalikaa kwa fundi, yamekunjwa moja juu ya jingine, yakimngoja Agnès.

Hospitalini, aliyemtunza Agnès alikuwa mwuguzi aitwaye Zéphirin, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Kila siku alitumbukiza mkono wa Agnès katika beseni la maji ya uvuguvugu, akanyoosha vidole kimoja kimoja, akisema na kila kidole: "Amka, weye, jua limetoka." Usiku alifunga mkono huo juu ya kibao kwa bendeji, ili vidole visijikunje vikiwa vimelala. Kwenye kitanda cha pili alilala Chanda, msichana kutoka Kasenga, mbali kando ya mto, aliyekuwa na ugonjwa huohuo katika mkono wa kushoto. Mama yake Chanda alikuwa mwuza samaki wa kukausha. Alilala barazani, na kila Brigitte alipokuja kumwona ndugu yake, alimwekea samaki ndani ya jani. Hakuwahi kusahau kuweka vipande viwili.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Brigitte na mama yake walimkuta Zéphirin ameshika kitu kigeni. Kilikuwa chuma chenye umbo la yai, kinachoenea kiganjani, na katikati yake palikuwa na sindano kama ya saa. Daktari mzungu, mtu mrefu asiyependa maneno, alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Hiki chuma kinapima nguvu ya mkono," Zéphirin aliwaeleza. "Ukiminya, sindano inatembea. Daktari anafanya uchunguzi juu ya ugonjwa huu. Anataka kujua nguvu inarudi namna gani, na kazi yetu ya maji na kibao inasaidia ao haisaidie. Lakini mkono wa mgonjwa tutaulinganisha na nini? Kwa Agnès tuna bahati, pacha wake ni huyu hapa. Siku mkono wa Agnès utakapokaribia mkono wa Brigitte, tutaondoa kibao, atarudi nyumbani."

Agnès akaminya kwanza. Mishipa ya shingo ilimtoka. Sindano ilitetemeka, ikapanda kidogo, ikasimama chini kabisa.

"Muzuri," alisema Zéphirin, kama alivyomwambia kila mtoto. "Sasa Brigitte. Minya kama unakamua nguo."

Brigitte alishika chuma. Kilikuwa baridi. Alitazama pale sindano ya Agnès ilipokuwa imesimama, akakumbuka magauni mawili kwa fundi. Kama ataminya kwa nguvu zake zote, Agnès atabaki hapa mvua hadi mvua. Na je, mapasa hawagawani sawasawa? Aliminya polepole, sindano ikapanda, na ilipopita kidogo tu alama ya Agnès, aliacha.

Zéphirin alimtazama. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Tata Zéphirin," alisema Brigitte, akimwita Tata kama watoto wote walivyowaita wazee.

"Minya mara ingine."

Aliminya tena, vilevile. Daktari akasogea, akatazama sindano, akasema maneno machache ya Kifaransa. Zéphirin alikuna shingo yake, kisha akacheka. "Daktari anasema Agnès amepona upesi kuliko alivyotumaini. Mama Mapasa, kamata mutoto yako."

Mama alipiga kigelegele hadi mgonjwa wa chumba cha pili akaitikia. Kwenye kitanda chake Chanda alinuna. "Unaniachia mimi peke yangu uji ya hapa, Agnès? Hata chumvi haiko!"

Siku ya Pentekoste, magauni mawili yaliingia kanisani bega kwa bega. Kambi nzima ilikula, ikaimba. Agnès alishika mshumaa kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Baridi ya mwezi wa sita ikaja. Nyumbani hapakuwa na kibao wala beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu mtu aliyepona hahitaji hayo. Kila asubuhi vidole vya Agnès vilikuwa vimejikunja kidogo zaidi ya jana, na kila asubuhi alivificha chini ya kitambaa. Brigitte alimfunga vifungo, akambebea ndoo, akamenya mihogo yake na ya mwenzake.

Jioni moja Mama alikwenda kwa jirani kuazima unga, akawaachia wasichana kazi ya kusonga bukari, yaani ugali. Brigitte alikuwa nje akikata kuni. Agnès alishika sufuria kwa mkono wa kuume, mwiko kwa wa kushoto. Bukari ilipoanza kuwa ngumu, mkono wa kuume ukaachia. Sufuria ikapinduka, bukari ya moto ikamwagika chini, karibu kabisa na Chola aliyekuwa akitambaa kwenda motoni. Mtoto alilia kwa woga. Brigitte aliingia mbio, akamnyakua.

Mama naye akaingia. Alimtazama Chola kutoka kichwani hadi miguuni, akaona hakuungua. Kisha akaushika mkono wa Agnès, akajaribu kuvinyoosha vidole. Havikunyooka.

"Yoo, mama wee!" alisema kwa sauti ya chini. "Mukono iliyopona, inajikunja tena namna gani?"

Usiku ule walipokuwa wamelala kwenye mkeka mmoja, Brigitte alinong'ona, "Agnès, siku ile ya chuma, sikuminya."

"Ninajua."

"Ulijua namna gani?"

"Ukikamua salopeti ya Baba unauma ulimi. Siku ile hukuuma ulimi." Agnès aliuficha mkono wake chini ya kitambaa. "Nilifurahi. Nilitaka kurudi nyumbani. Sasa naogopa mukono utabaki hivi."

Kesho yake Mama aliwapeleka wote wawili hospitalini. Barazani walimkuta mama yake Chanda akifunga mizigo, uso unang'aa.

"Mama Mapasa! Furahi pamoja na mimi! Leo banamutolea Chanda kibao. Munganga amesema, kama mukono ya Agnès ilipona kwa muda mufupi, basi hata ya Chanda itamaliza kupona yenyewe. Tunarudi Kasenga!" Alifungua jani, akatoa samaki. "Hivi ni vya mapasa. Viwili, sikusahau."

Agnès alirudisha mkono wake nyuma. Brigitte alitazama vile vipande viwili vya samaki. Akaona wazi: Chanda ataondolewa kibao, atakwenda mbali kule mtoni ambako hakuna Zéphirin, na vidole vyake vitajikunja kama vya Agnès. Naye yule mama, mtu mwema, atafikiri ni bahati mbaya tu.

Alikimbia ndani. Zéphirin alikuwa ameinama na mkasi juu ya bendeji ya Chanda. Daktari alikuwa karibu naye.

"Tata Zéphirin, acha! Usikate!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi nilidanganya. Siku ile sikuminya kwa nguvu. Mkono wa Agnès haukupona. Tazama mwenyewe!"

Zéphirin aliweka mkasi chini. Alikwenda mlangoni, akamshika Agnès mkono, akaugeuza huku na huku. Kisha akamweleza daktari kwa Kifaransa, polepole. Brigitte alingoja kupigiwa kelele. Daktari hakupiga kelele. Alichukua kile chuma kabatini, akampa.

Brigitte alikishika. Aliuma ulimi. Akaminya kama anayekamua salopeti ya siku nzima ya mvua, na sindano ikakimbia, ikapita mbali alama ya zamani.

Daktari aliitazama kwa muda. "Bon, vema," alisema, kisha akaongeza kwa Kiswahili chake kidogo: "Tunaanza tena." Akaokota ncha ya bendeji ya Chanda, akaifunga yeye mwenyewe.

Chanda alikodoa macho. "Na mizigo yetu imekwisha kufungwa! Weye Brigitte, siku ingine ukitaka kudanganya, danganya na mukono yako, uache ya kwangu."

Mama yake Chanda aliyasikia yote kutoka barazani. Alifungua mizigo yake kitu kimoja kimoja, akairudisha sufuria mahali pake. Halafu alimpa Brigitte jani lake la samaki. "Kula," alisema. "Umelia sana."

Mama Mapasa alikuwa ameketi barazani, kichwa mkononi. "Kosa ni yangu. Ni miye nilibafundisha kila siku: sawa-sawa, sawa-sawa."

Zéphirin aliketi karibu naye, akawaita wasichana. "Mama, hukukosa kuwafundisha kugawana," alisema. "Brigitte, ulimpenda ndugu yako, hilo naliona. Lakini uliposhusha mkono wako, wa Agnès haukupanda. Uliwashusha wote wawili, nusura umshushe na Chanda. Sisi hatuna jicho la kuona ndani ya mkono wa mtu. Tunaona kile mnachotuonyesha tu. Mkituonyesha uongo, tutawatibu kwa uongo."

Agnès alilala hospitalini tena hadi vidole viliponyooka. Baadaye aliruhusiwa kulala nyumbani, lakini kibao kilikwenda naye, na kila Jumamosi alirudi kwa Zéphirin kupimwa. Brigitte alijifunza kazi ya beseni. Kila jioni alipasha maji, akanyoosha vidole vya ndugu yake, akiviambia, "Amka, weye, jua limetoka," hata kama giza lilikuwa limekwisha kuingia. Agnès alicheka kila mara.

Chanda alirudi Kasenga kabla ya mvua, mkono wake ukiwa na nguvu ya kutosha kumpungia Brigitte, kisha kumtishia ngumi kwa utani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mapasa walipimwa tena. Brigitte aliminya kwa nguvu zake zote. Kisha Agnès alishika chuma, naye akauma ncha ya ulimi kama dada yake. Sindano ilipanda, ikapanda, ikasimama. Haikufika pale ilipofika ya Brigitte.

"Haikufika," alisema Agnès.

"Haikufika," alikubali Zéphirin. "Lakini hii ni yako kweli. Juu ya hii tunaweza kujenga."

Jioni ile Agnès alisonga bukari. Brigitte alikaa karibu, mikono imekunjwa, asimsaidie ila akiitwa. Hakuitwa. Walipoketi kula, Mama aligawa samaki. Kipande kikubwa alikiweka mbele ya Agnès, kidogo mbele ya Brigitte. Baba yao aliacha kutafuna, maana jambo hilo halikuwa limeonekana katika nyumba ile tangu mapasa walipozaliwa.

"Usinitazame hivyo, Baba Mapasa," alisema Mama. "Huyu mukono yake iko bado inajenga, huyu yake imejengwa. Kugawa sawa-sawa ni kumupa kila mutu kile kinachomutosha. Na huwezi kujua kinachomutosha mutu kama hakuambie kweli."

Brigitte alikula kipande chake kidogo, akalamba vidole.